Wenye Kura Moja

Kufikia saa nne asubuhi, watu kumi na tisa walikuwa wamejitokeza kudai kura moja.

Foleni ilianzia kwenye cherehani, ikatoka mlangoni, ikapanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza. Huyu kashika suruali iliyopasuka, yule pazia, mwingine mto wa kochi unaotoka pamba.

Fundi alijitakia mwenyewe. Jana wapangaji walikusanyika uani kumchagua mwenyekiti wa jengo, kura zikatumbukizwa kwenye ndoo, zikahesabiwa. Kinyozi arobaini na saba, fundi cherehani moja. Watu wakainamia viatu vyao kwa aibu. Ndipo fundi akapanda juu ya kiti na kupaza sauti:

"Aliyenipigia aje, nitamshonea bure mwaka mzima! Kwa kuwa ni mmoja tu, sitafilisika!"

Uani kote wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Lakini roho ilimuuma. Uenyekiti aliutaka kweli. Miaka sita ni yeye aliyezibua mitaro na kuamua ugomvi wa kamba za kuanikia nguo. Kosa lake ni kuahidi zamu za kufagia ngazi. Kinyozi hakuahidi chochote, na ahadi hiyo iliwapendeza mno wapangaji.

Kilichomtuliza ni mumewe. Walipoingia ndani na kufunga mlango, alimshika mkono.

"Mke wangu, ile moja ni yangu. Hata wangekuwa elfu upande wa pili, mimi ningebaki kwako."

Fundi alilia kidogo, akapenga kamasi, moyo ukatua. Mtu mmoja anatosha, akiwa ndiye. Leo mume huyo kakaa kwenye kiti cha wateja, anakunywa chai, na fundi alikuwa na furaha ya kutosha kuwashonea hata waongo.

"Wewe ni wa ngapi?" alimuuliza mpangaji wa ghorofa ya tatu.

"Mimi ndiye wa kweli, dada. Hawa wengine wazushi tu."

"Ahsante sana. Kasimame pale na wa kweli wenzako, mko kumi na watano."

Mara akaja mama mkwe na shuka lake.

"Mwanangu, kura ile ni yangu. Tena niliibusu kabla ya kuitumbukiza."

"Ndiyo maana ilikutwa imelowa, mama."

Foleni ikaangua kicheko. Jirani mmoja mwenye mdomo akadakia, "Lakini fundi, si ulijipigia mwenyewe?"

"Kura ni siri, jirani. Lete hiyo suruali. Mh! Hii haijapasuka, hii imekata tamaa."

Akakanyaga pedali, cherehani ikalia kwa raha.

Wa mwisho kuingia alikuwa kinyozi, mikono mitupu. Watu wakampisha.

"Mheshimiwa!" fundi akasema. "Kura arobaini na saba hazijakushibisha, umefuata na yangu?"

Kinyozi hakucheka. Alijikuna kisogo, akainama karibu na cherehani.

"Dada, naona vibaya unavyohangaika kuwashonea watu hawa. Mimi sina nguo ya kushonwa. Ila ile kura ni yangu. Niliogopa usije ukatoka na sifuri mbele za watu, nikakuonea huruma."

Cherehani ikanyamaza. Kwenye kiti cha wateja, chai ikampalia mtu.

Fundi alimtazama mumewe akikohoa. Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, hata mkasi ukamponyoka.

"Pole, ndugu yangu," akamwambia kinyozi. "Na mimi ya kwangu nilikupa wewe, kwa huruma hiyohiyo."