Pete ya Keekee

Fundi Shekiondo alikuwa na miaka thelathini ya kutoboa mbao, kwa hiyo daktari alipoinua keekee ndogo ili amtoboe taya na kupandikiza jino, hakuitazama ncha. Aliitazama pete ya chuma iliyovishwa kwenye shingo ya keekee.

"Hiyo ya nini, mwanangu?"

"Inazuia keekee isizame kupita kipimo, baba. Chini ya hapo pana mshipa wa fahamu."

Shekiondo naye hufunga uzi mwekundu kwenye keekee yake kwa kazi hiyohiyo. Mwezi uliopita uzi uliteleza, akatoboa kitanda cha bibi harusi hadi upande wa pili. Mbao ukiikosea unaiziba kwa gundi na vumbi lake, yakaisha. Taya je?

"Umeipima mwenyewe?"

"Zinakuja zimepimwa, baba. Achama."

"Ipime."

Daktari akacheka, akachukua rula, akaiweka kando ya keekee. Kicheko kikakatika. Akaitazama picha ya taya ukutani, akairudia rula. Kisha akaivua ile pete, akavisha nyingine, wala hii hakuipima.

"Haya baba, achama."

Shekiondo akafumba mdomo, akanyoosha mkono kuomba rula.