Mashine Itakayodumu

"Panda wewe," Waitara alimwambia binti yake. "Mimi nitaangalia."

Nyangi alipanda kwa shida, maana mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Mashine nyekundu ya kukata nyasi ilitetemeka chini yake, ikakohoa moshi, ikaanza kutembea. Hezekia, dalali aliyezileta mashine mbili kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari kwa njia anazozijua mwenyewe, alitembea kando yake akiisifia.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Sabuni madukani ilikuwa habari ya kusimuliwa, na kule bondeni wanakijiji walikuwa wameinamia majembe kwenye shamba la pamoja. Huku kilimani Waitara, nyapara wa zamani wa mgodi uliofungwa, alikuwa ananunua kitrekta cha kunyoa nyasi. Mwenyekiti wa kijiji alijifanya haoni. Waitara ni mjomba wake.

Nyumba aliyoishi Waitara ilikuwa ya Mzungu mwenye mgodi, naye alipoondoka alimwachia nyapara wake, pamoja na uwanja unaotosha mechi mbili za mpira. "Mimi nilikuwa nafyeka pembeni nimeinama," Waitara alipenda kusema, "yeye anakata katikati, amekaa. Sitakufa kabla na mimi sijakaa."

Maneno hayo aliyasema miaka nenda rudi, na nyasi zikaendelea kuliwa na ng'ombe. Nani Tarime nzima amewahi kununua mashine ya nyasi huku ana ng'ombe? Ndiyo maana moyo wa Nyangi ulikuwa unaruka.

Alikuwa amemkimbia mumewe, Kisyeri, aliyempiga hadi mkono ukavunjika, na haikuwa mara ya kwanza. Wazee walikaa, wakaamua: Jumamosi Kisyeri aje achukue ng'ombe wake wa mahari, Nyangi awe huru. Ng'ombe wasiporudi, mke ndiye anayerudi. Ndivyo mila ilivyo, na haina mlango wa nyuma.

Nyangi hakuwa na kaka wa kuozwa kwa ng'ombe wale, kwa hiyo walikuwapo wote. Tena ndio pekee waliobaki bomani baada ya wezi kuwapitia wengine. Hapo ndipo hofu yake ilipokuwa. Waitara aliwapenda ng'ombe hao kuliko macho yake, na kwenye kikao aliinamisha kichwa tu. Tangu siku hiyo Nyangi hakupata usingizi. Kila njia ya kutoka kwa Kisyeri ilipita katikati ya boma la baba yake.

Sasa baba ananunua mashine. Basi amekubali kwamba ng'ombe wanaondoka na nyasi zitamshinda! Nyangi alitamani kumkumbatia, lakini baba hakumbatiwi.

Akachagua kwa makini, kama anayemtafutia mchumba. Mashine nyekundu ilipogonga kichuguu, bati la tumboni lilibonyea na mkanda ukachomoka. Ile ya kijani ilikuwa imebanduka rangi, kiti chake kimepasuka, lakini kisu chake kilikuwa kinene kama jembe. Aliipitisha kwenye mawe, kwenye mteremko, kwenye mizizi ya mkaratusi. Haikulalamika.

"Hii," alisema.

Hezekia alicheka. "Hiyo bei yake iko juu, mama. Ni mara mbili ya nyekundu."

Aliyasema hayo akiangalia boma. Tangu asubuhi macho yake yalikuwa kwa ng'ombe zaidi ya mashine, na mmoja alimfungua hata mdomo akatazama meno. Nyangi hakushangaa. Kwao, mwanamume asiyeangalia ng'ombe wa mwenzake huulizwa kama anaumwa.

Waitara alisita. "Nyekundu nayo inakata."

"Baba, rahisi ni ghali. Hii utazeeka nayo." Nyangi aliogopa kwamba mashine ikiharibika mapema, mzee atawakumbuka ng'ombe wake na kujuta. "Chukua hii, nakuomba."

"Umechagua wewe?"

"Nimechagua mimi, baba."

Waitara na dalali wakapeana mikono. Hezekia aliondoka na nyekundu kwenye lori lake, akasema atarudi Jumamosi asubuhi kumalizana na mzee.

Jumamosi, jua halijatoka vizuri, Wegesa, mke mdogo wa Waitara, alimzuia Nyangi mlangoni mwa jiko. "Usitoke, mwanangu. Si vizuri uone."

Nyangi alikaa karibu na moto akasikiliza. Magogo ya lango la boma yalivutwa. Kengele zililia, wachungaji wakapiga miluzi, kwato zikashuka kilimani hadi zikapotea. Kisyeri amewahi, alifikiri, wala hakubisha hodi. Na asibishe! Alilia kwa furaha, akanawa uso. Alipogeuka alimkuta Wegesa naye analia, anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Usilie, mama mdogo," Nyangi alisema. "Nimepona."

Wegesa hakumwangalia.

Jua lilipanda. Uwanjani mashine ya kijani ilikuwa inakwenda na kurudi, inanguruma vizuri, na harufu ya nyasi mbichi ikaingia hadi jikoni. Nyangi alikuwa anamenya viazi na kuimba polepole. Mara mashine ikazimwa, na mtu akapiga hodi getini.

Alichungulia dirishani. Kisyeri alikuwa amesimama na baba yake mdogo, Mniko, na vijana wa kuswaga, fimbo mikononi, wote wanaliangalia boma tupu.

"Shikamoo, mzee," Kisyeri alisema. "Tumefuata ng'ombe."

"Marahaba," Waitara alijibu bila kushuka kitini. "Ng'ombe wameshavuka Sirari na dalali. Mke wako yumo jikoni, na mashine kachagua mwenyewe."