Makande Laini

"Ndani ya mshipa wa damu kumepangwa seli, kila moja na utando wake laini," daktari aliwaeleza. "Chumvi ikizidi, utando unakakamaa, mshipa hautanuki, presha inapanda. Magadi nayo ni hivyohivyo."

"Chumvi mwanangu alishaiondoa jikoni," mama akajibu kwa fahari.

Nakijwa akainamia hotpoti la makande aliyoyabeba kutoka Vudee. Chumvi kweli aliiacha. Lakini maharage aliyatia magadi kila alipopika, yaive laini, kwa kuwa mama hana meno.

Nje, kwenye benchi, mama akadai chakula. Tangu kiharusi kimpooze mkono, hulishwa. Nakijwa akachota, kisha akakishikilia kijiko juu ya hotpoti.

"Lete, mwanangu," mama akasema, mdomo wazi. "Hakuna anayenipikia laini kama wewe."