Mtoto Aliyepitiliza Tarehe

Mstari mwekundu ulibaki mmoja tu kwenye kompyuta, na Nesi Salama hakutaka kuugusa.

Mingine yote ilikuwa kijani. Tangu asubuhi Abdulaziz, mkaguzi wa mifumo aliyetoka Kibiti mjini, alikuwa akiivusha ile zahanati mtihani mmoja baada ya mwingine. Umeme wa jua ukikatika, kumbukumbu za wagonjwa zinabaki? Zinabaki. Asiye na paswedi anaweza kufungua? Hawezi. Hata yeye mkaguzi hakuoneshwa jina la mtu, aliona namba tu, maana ndivyo masharti yanavyotaka, siri ya mgonjwa ni yake na nesi wake. Abdulaziz alikuwa ameridhika kwelikweli. Kisiwa cha mikoko, cha kufikiwa kwa boti kutoka Nyamisati na suruali imelowa mpaka kiunoni, kitapata cheti kabla ya zahanati za barabarani zenye feni.

Na cheti hicho si karatasi ya kutundika ukutani. Mfumo ukipata cheti, fedha za motisha zinatoka, na motisha ya pale ilishapangiwa kazi: injini ya boti ya wagonjwa. Ile ya mwanzo ilikufa, haikufufuka. Siku hizi mgonjwa anavushwa kwa mtumbwi wa kasia, na kasia, wajua tena, haina haraka na mtu.

"Huyu mmoja ndo anatuangusha," alisema Abdulaziz. "Mtoto wa kiume, chanjo imepitiliza tarehe, na mfumo hauna majibu yake. Mama yake unamjua?"

"Namjua."

"Kwao mbali?"

"Karibu."

"Basi aitwe. Mtoto achanjwe, mstari ugeuke kijani, nami niondoke kabla maji hayajapwa."

"Hawezi kumleta," alisema Salama.

Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Abdulaziz akamtazama vizuri. Ndani ya koti jeupe kajifunga kanga kifuani, kaikaza kabisa, na joto lote lile la matope. Labda ana homa, aliwaza. Mbu wa huku hawaulizi cheo.

Kina mama walikuwa wamekaa nje na watoto wao, wakingoja mzani. Kila aliyeingia alimshika Salama mkono kwa mikono yake miwili, akasema "pole, nesi," kwa sauti ya chini, akatoka. Abdulaziz akaipenda adabu ile. Mjini nesi hapewi pole ya kazi, anapewa matusi.

Mlinzi, Mzee Mtoro, akaingia na birika la chai na mihogo ya kuchemsha.

"Kunywa, mjomba. Kompyuta haikimbii."

"Maji ndo yanakimbia, mzee. Hebu nisaidie hapa. Kuna mama hapo kijijini kapitisha tarehe ya chanjo ya mwanawe. Zahanati iko mlangoni kwake, na hata kuja hataki. Mama gani huyo asiyejali mtoto?"

Mzee Mtoro akaliweka birika chini polepole. "Punguza sauti, mjomba."

"Anajali," alisema Salama.

"Sisemi kwa ubaya, dada. Wewe mwenyewe mfano mzuri. Mzee kaniambia aliponipokea kwenye boti, likizo yako haijaisha, umeikata umerudi kazini. Ndo watumishi tunaowataka. Sasa mtu mmoja awakoseshe injini?" Akashusha sauti, akawa kama anayemfanyia mtu hisani. "Andika amehama. Tumalize."

"Hajahama."

"Mwanangu Salama," alisema Mzee Mtoro, "nenda kapumzike kidogo. Mie nitamweleza."

"Acha, baba. Injini inatakiwa."

Akavuta kiti, akashika kipanya. Chini ya ile namba yakafunguka majibu matatu: amechanjwa, amehama, amefariki. Aliyatazama mpaka kioo kikataka kuzima chenyewe. Kisha akashuka mpaka la chini kabisa, akabonyeza.

Mstari ukageuka kijani. Kijani ileile ya waliochanjwa, kompyuta haijui tofauti.

Kikombe cha Abdulaziz kiliishia njiani, hakikufika mdomoni. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mbona hukunambia?"

"Homa ilimpanda usiku. Alifia mtumbwini, hatujafika Nyamisati."

"Nami nimekaa hapa namsema mama wa watu." Abdulaziz akajifuta uso kwa kiganja. Alitamani kunyamaza, lakini maji yalikuwa yanaondoka huko nje, na kazi ilikuwa haijaisha. "Dada, nisamehe. Limebaki sharti moja tu, la mwisho. Taarifa za mtoto zikifungwa, mfumo lazima umtumie mzazi ujumbe wa pole. Tukijua umemfikia, cheti ni chenu."

"Sawa," alisema Salama.

"Utapata njia ya kumuuliza?"

"Nitapata."

Wakangoja. Mtandao wa kule nao una mambo yake, unakuja na kurudi kama mgeni asiyejua nyumba. Mzee Mtoro aligeukia dirishani akawapa mgongo. Nje mtoto mmoja alilia juu ya mzani, mama yake akamtuliza.

Simu ikatoa mlio mmoja, mfukoni mwa lile koti jeupe.

"Umefika," alisema Salama.