Pundamilia Aliyetaka Kusikia Kwato

Pundamilia walikimbia kwa mstari ndani ya vumbi zito, kila mmoja akifuata neno la kiongozi wao, Mzee Kirefu, ingawa vumbi lilimficha. Ghafla sauti yake ikavuma: "Kateni kushoto, mbele kuna moto!"

Wote wakakata. Tumbi pekee, jike mwenye shaka na kila jambo, alisita.

"Mzee," akaita, "nijibu kwa kwato. Piga tatu."

Ukasikika mguso laini mara tatu, kama pamba ikidondoka.

"Simameni!" Tumbi akapaza sauti. "Kwato hazilii hivyo. Huyo ni fisi anayeiga sauti ya Mzee."

Wakasimama, Mzee Kirefu mwenyewe akiwa bado nyuma vumbini, hatua nne tu kabla ya korongo, ambamo fisi wengine walikuwa wamekwisha gawana nafasi za kulia nyama yao.

Tangu siku hiyo pundamilia hawapokei neno lisilo na kwato. Sauti huigwa, mguu hauazimwi.