Swali Kamili

"Mgonjwa ni nani?" Hersi aliuliza mara ya pili, kalamu mkononi.

"Ni baba, daktari. Muli. Jamani, anakufa!"

Nthenya alikuwa amelowa mpaka kifuani. Alivuka mto uliofurika peke yake, maana kumpitisha mgonjwa kwenye maji yale ilikuwa ni kumwua. Dawa ya homa ya dukani haikusaidia kitu.

Zahanati hiyo ndogo, nje ya Mutomo, ilikuwa na Hersi pekee, afisa wa kliniki aliyehamishwa kutoka Wajir mwezi uliopita. Homa ya kukataa dawa ilimshinda. Alikimbilia redio ya mawasiliano akamwita daktari wa Nairobi.

"Ukiniuliza ovyo, nitatafuta ovyo," daktari alifoka. "Hapa kuna majarida ya utafiti mpaka darini. Nipe swali kamili! Mgonjwa wa namna gani, dawa ipi dhidi ya ipi, na unataka apate nini. Ova."

Hersi akamgeukia Nthenya. "Anatembea?"

"Hapana."

"Anakula?"

"Maziwa tu. Meno hana."

"Anasema?"

"Ni kulia tu, daktari. Na tangu asubuhi hata kulia hawezi." Nthenya mwenyewe akaangua kilio.

Hersi alimwonea huruma sana. Aliandika haraka, kisha akasoma kwa Kiingereza, lugha ambayo Nthenya hakuijua: mzee wa kiume, dhaifu, homa kali, dawa ya kawaida imeshindwa; kwinini au dawa mpya, ipi itamwokoa?

"Hilo sasa ni swali!" daktari alisema. Kurasa zikasikika zikifunuliwa. Jibu lilikuja baada ya robo saa: dawa mpya, vidonge vitatu kwa mpigo mmoja.

Hersi alivifunga kwenye karatasi ya nailoni. "Vyote vitatu, mama. Ukimpunguzia, homa itarudi."

"Mungu akubariki, daktari."

Mto ulikuwa umepanda zaidi. Nthenya aliuvuka akiwa ameiuma ile nailoni kwa meno, akakimbia mpaka nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni akiomba kwa sauti. Mgonjwa alikuwa bado anapumua, alisema, lakini kidogo sana.

Nthenya alivisaga vidonge vyote vitatu, akavikoroga na maziwa aliyojikamua mwenyewe. Akampakata baba, aliyepewa jina la babu yake alipozaliwa miezi minne iliyopita, akamnywesha mpaka tone la mwisho.