Mzee Hamduni Anateleza

Zamda alikaa mkekani pembeni ya Bi Tatu, mjane, simu mkononi. Ndani ya simu marehemu Mzee Hamduni anacheza harusini, anateleza, anaketi chini, anacheka, anainuka, anateleza tena. Zamda ndiye aliyekata sekunde nne zile kwenye video na kuzifanya kipicha kinachojirudia, akaziunga vizuri hata maungio hayaonekani. Mji mzima ulicheka. Hakuna aliyejua kwamba kisogo kiligonga ngazi, na kwamba siku ya tatu watamzika.

"Kifute, mwanangu," alisema Bi Tatu.

"Changu nilishakifuta, Bi Tatu. Hiki nimetumiwa leo asubuhi. Kiko kwenye simu za watu."

Bi Tatu alikitazama kwa muda.

"Basi mwache akae chini. Ukikata hapo, si atapumzika?"

Zamda akakata hapo. Mzee akabaki ameketi, anacheka. Akakituma kwenye makundi yote aliyonayo, wakangoja.

Nje, jamvini kwa wanaume, simu ya mtu ikalia. Kicheko kikatoka, kikazibwa kwa kiganja.

"Ameinuka?" aliuliza Bi Tatu.